Msomaji na Sumu: Mapokezi ya Riwaya ya "The Pale Horse"

Historia ya fasihi huandikwa zaidi kwa kuwafuata waandishi: nani alizaliwa wapi, aliandika nini, alimwathiri nani. Wasomaji hutajwa kwa jumla, kama umati usio na sura. Lakini upo utanzu mmoja ambao historia yake haikamiliki bila ya msomaji kuitwa na kusikilizwa, nao ni riwaya ya upelelezi inayoegemea sayansi ya uchunguzi wa jinai. Mwandishi wa riwaya hiyo hudai mambo mawili kwa mpigo mmoja: kwamba watu na visa vyake ni vya kubuni, na kwamba sumu iliyowaua ni ya kweli. Dai la kwanza hakuna anayelipinga. Dai la pili linaweza kupimwa, na wapo wasomaji waliolipima, kila mmoja kwa mizani ya kazi yake. Makala haya yanafuatilia mapokezi ya riwaya moja, *The Pale Horse* ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1961, ili kuonesha kwamba dai hilo la pili si pambo la hadithi. Kuna mahali uhai wa mtoto ulilitegemea.

Christie hakuijua sumu kwa kuisikia. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya Torquay, mji aliozaliwa, kisha akahamia chumba cha dawa, na mwaka 1917 akafaulu mtihani wa wasaidizi wa wafamasia. Huko ndiko alikojifunza kwamba tofauti baina ya dawa na sumu mara nyingi ni kipimo tu. Riwaya yake ya kwanza, *The Mysterious Affair at Styles*, ya mwaka 1920, ilijengwa juu ya jambo ambalo mfamasia yeyote wa siku zile alipaswa kulijua: dawa yenye striknini ikichanganywa na bromidi, striknini hutua chini ya chupa, na anayekunywa dozi ya mwisho hunywa mauti. Wahakiki wa magazeti waliisifu kwa namna walivyozoea kusifu. Sifa aliyoithamini zaidi mwandishi ilitoka katika jarida la wafamasia, *The Pharmaceutical Journal*, lililoona kwamba mambo ya sumu yameelezwa humo kwa usahihi. Huyo ndiye msomaji wa kwanza wa utanzu huu kama tunavyomkusudia hapa: mtu wa kazi, anayeisoma hadithi kama anavyosoma cheti cha daktari kabla ya kukabidhi dawa.

Msomaji wa namna hiyo huogopwa vilevile. Mwaka 1930, Dorothy L. Sayers alishirikiana na daktari aliyeandika kwa jina la Robert Eustace kutoa riwaya ya *The Documents in the Case*. Humo anakufa mtu mpenda uyoga, na kila mmoja anaamini kwamba alijikosesha mwenyewe, akachuma uyoga wenye sumu na kuupika. Swali ni moja: muskarini iliyomwua ilitoka msituni au ilitoka maabara? Jibu linapatikana kwa nuru. Zipo molekuli ambazo ni kama mkono wa kulia na wa kushoto: zinafanana kwa kila hali, ila glavu ya mmoja haimwenei mwenziwe. Viumbe hai aghalabu hutengeneza mkono mmoja tu, ilhali maabara hutoa yote miwili kwa kiasi sawa. Nuru iliyochujwa hadi ikawa inatetema katika bapa moja, ikipita ndani ya kimiminika chenye mkono mmoja, bapa lake huzunguka. Ikipita palipo na mikono yote miwili, halizunguki. Katika riwaya haizunguki, na hapo muuaji anajulikana.

Ni fumbo zuri mno, na uzuri wake ndio uliowaita wakemia. Baada ya kitabu kutoka, hoja ilitolewa kwamba, kwa umbo la molekuli lililokubaliwa wakati ule, muskarini haina ukulia wala ukushoto. Ikiwa hivyo, hata ile ya msituni isingeizungusha nuru, na ushahidi wote wa riwaya ungeporomoka. Mambo yalikuwa magumu zaidi ya hapo. Kile kilichokuwa kikiitwa muskarini ya maabara tangu karne ya 19 kilikwisha kuoneshwa, mwaka 1914, kuwa si muskarini bali ni kitu kingine kilichofanana nayo kwa baadhi ya vitendo. Ilipofika mwaka 1957 ndipo umbo la kweli la muskarini lilipothibitishwa kwa miale ya eksirei, na ikabainika kwamba muskarini ya uyoga ina mkono mmoja na kwamba huizungusha nuru. Wakosoaji, basi, walikosea katika hoja yao kuu. Waandishi nao walipatia katika hiyo, ingawa sumu waliyompa muuaji wao ilikuwa bado haijatengenezwa na maabara yoyote duniani. Eustace alikuwa amekwisha kufa, na Sayers alifariki Desemba ya mwaka huohuo.

Kisa hicho kina funzo kwa anayechunguza mapokezi ya vitabu. Tumezoea kusema kwamba hukumu ya msomaji hubadilika kwa sababu ladha za zama hubadilika. Hapa hukumu ilibadilika kwa sababu elimu ilibadilika. Riwaya ilikuwa ileile, neno kwa neno, ikahesabiwa kuwa na kosa, kisha ikasafishwa kosa hilo, bila ya mtu kugusa hata nukta yake.

Tukirudi kwa Christie, *The Pale Horse* ilitoka miaka 31 baadaye. Jina lake limechukuliwa katika Ufunuo wa Yohana, kwa yule farasi anayepandwa na Mauti. Padri mmoja anaitwa kumsikiliza mwanamke aliye katika kukata roho. Akitoka, anauawa, na ndani ya kiatu chake panapatikana orodha ya majina. Baadhi ya wenye majina hayo wamekwisha kufa, wote kwa maradhi yanayoonekana ya kawaida. Upelelezi unaelekea kwenye nyumba moja ya kijijini, iliyokuwa zamani hoteli ya wasafiri, wanamoishi wanawake watatu wanaosemekana kwamba huua kwa uchawi, mbali na mtu wao, bila ya kumgusa. Anayetaka kurithi mapema hulipa, wao hufanya makafara yao, na aliyekusudiwa hufa.

Ukweli ni kwamba makafara hayo ni pazia. Nyuma yake kuna mtu anayejua ni vitu gani mlengwa huvitumia nyumbani mwake kila siku, akavibadilisha kwa vingine vilivyotiwa thaliamu. Mganga haendi popote. Sumu ndiyo inayokwenda. Kinachomfunulia msimulizi siri hiyo ni dalili moja ndogo, ambayo madaktari wa marehemu hawakuiunganisha na kifo: nywele zao zilikuwa zikinyonyoka.

Thaliamu ni metali iliyogunduliwa mwaka 1861 na William Crookes, miaka 100 kamili kabla ya riwaya, kwa mstari wa kijani iliouacha katika uchambuzi wa nuru. Chumvi zake hazina rangi, na ladha yake ni hafifu mno. Mwili huidhania kuwa ni potasiamu na kuikaribisha mpaka ndani ya mishipa ya fahamu. Mgonjwa hutapika, huumwa na tumbo, nyayo zake huwaka moto, naye huweza kupelekwa kwa daktari huyu na yule akapewa majina ya maradhi tofauti. Nywele huanza kutoka baada ya wiki mbili au tatu, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka nini kililiwa siku ile. Kwa miaka mingi ilitumika kuulia panya na wadudu, hivyo haikuwa adimu.

Mapokezi ya kwanza ya riwaya hiyo yalikuwa mapokezi ya fasihi. Mapokezi ya pili yalianzia mahakamani. Mwaka 1972, katika mahakama ya St Albans nchini Uingereza, Graham Young alihukumiwa kwa kuwaua wafanyakazi wenzake wawili kwa sumu na kuwadhuru wengine. Sumu yake kubwa ilikuwa thaliamu, aliyowatilia katika chai kazini. Mmoja wa marehemu alikuwa amekwisha kuchomwa kwa desturi ya mazishi ya kwao, na majivu yake yalipopimwa, thaliamu ilikutwa. Magazeti yaliikumbuka riwaya ya Christie na kuuliza kama hakuwa mwalimu wa muuaji. Young alikana kuwa aliwahi kuisoma. Tena, alikwisha kuwatilia sumu watu wa nyumbani kwake akiwa mvulana wa miaka 14, na kusoma kwake kulikuwa kusoma vitabu vya sumu vyenyewe. Hata hivyo shutuma ilibaki, kwa kuwa ina mantiki yake: aliyeeleza sumu kwa usahihi amemweleza pia mwenye nia mbaya.

Jibu la shutuma hiyo halikutolewa na mwandishi wala na wahakiki. Lilitolewa na wasomaji wengine. Mwaka 1975 Christie alipokea barua kutoka kwa mwanamke wa Amerika ya Kusini aliyemweleza kwamba alimwona mtu akidhoofika, akazikumbuka dalili alizozisoma katika *The Pale Horse*, na kwa hivyo akaokolewa mtu aliyekuwa akitiliwa sumu polepole na mwenzi wake wa ndoa. Christie alifariki Januari 1976. Lililofuata hakulijua.

Mwaka 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 alisafirishwa kwa ndege kutoka Qatar hadi London, akalazwa hospitali ya Hammersmith. Alikuwa nusu mahututi, na hali yake ikizidi kuwa mbaya. Madaktari bingwa walipima kila walichofikiri, wasipate jina la maradhi. Muuguzi aliyekuwa akimwangalia alikuwa akisoma *The Pale Horse* siku hizohizo. Aliona kwamba nywele za mtoto zinanyonyoka, naye akawaambia madaktari kuwa dalili hizi ni za thaliamu. Vipimo vilivyofanywa kwa msaada wa wataalamu wa polisi ya London vilithibitisha. Chanzo kilikuwa dawa ya kuulia wadudu na panya iliyotumika nyumbani kwao, ambayo mtoto aliifikia. Alitibiwa, akapata nafuu na kurudi kwao. Madaktari walipokiandika kisa hicho katika jarida la tiba la Uingereza, walimshukuru muuguzi wao na walimshukuru pia marehemu Agatha Christie.

Tuangalie nini hasa kilitendeka. Muuguzi huyo hakuisoma riwaya kwa namna wanafunzi wa fasihi wanavyofundishwa kuisoma. Hakutafuta dhamira wala hakupima ujenzi wa wahusika. Alisoma kwa ajili ya kujiburudisha, na mle ndani ya burudani akaamini jambo moja: kwamba nywele za mtu aliyekula thaliamu hutoka. Imani hiyo ilifaa kitu kwa sababu mwandishi hakuwa amedanganya. Lau Christie angebuni sumu yake, au angeihamisha dalili moja kwa ajili ya kunogesha hadithi, riwaya ingebaki ya kusisimua vilevile, na muuguzi angeangalia kichwa cha mtoto bila ya kuona lolote. Usahihi ambao jarida la wafamasia liliusifu miaka ya nyuma haukuwa majivuno ya mtaalamu.

Kwetu sisi wa Kiswahili kisa hiki kina mlango mwingine. Mwaka mmoja kabla ya *The Pale Horse*, yaani 1960, ilichapishwa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar, iliyokwisha kushinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957–58. Sina maana kwamba mmoja alimtazamia mwenziwe. Lakini riwaya hizi mbili zinakabiliana na hila moja. Katika ile ya Abdulla, maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo watu wamekwisha kuwa na maelezo tayari: wa kale wamekasirika. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anayakataa maelezo hayo na kumtafuta binadamu. Muuaji wa Christie naye anajificha nyuma ya wachawi watatu kwa sababu anajua kwamba mtu akishakubali kwamba kifo kimeletwa na uchawi, hatauliza tena marehemu alikula nini. Mwandishi wa Kiingereza alitoka chumba cha dawa. Abdulla, kabla ya kuwa mhariri wa magazeti, alifanya kazi miaka kadhaa katika idara ya afya.

Tofauti yao iko katika chombo. Bwana Msa hana maabara. Mara nyingi fumbo lake hufumbuliwa kwa nasaba: nani mtoto wa nani, nani ndugu wa nani bila ya kujua. Leo lugha yetu inaita kwa jina la vinasaba kile ambacho maabara za uchunguzi wa jinai hukisoma katika damu na mate, na neno lenyewe limetoka katika nasaba ileile. Msomaji wa sasa wa Kiswahili, aliyesikia vinasaba vikitajwa katika habari za mahakamani, anayo mizani ambayo msomaji wa mwaka 1960 hakuwa nayo, na mwandishi atakayemwandikia hawezi kujifanya hajui.

Kwa hivyo uhakiki wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili una swali la kuongeza juu ya yale ya fani na maudhui: je, kilichoelezwa humu kuhusu mwili na sumu ni kweli? Wapo watakaosema kwamba hilo ni swali la wakemia. Ni la wakemia, na wafamasia, na wauguzi pia. Lakini hao nao ni wasomaji wetu, na mmoja wao anaweza kuwa amekaa usiku huu kando ya kitanda cha mgonjwa, kitabu kikiwa mkononi.