Rubondo, kisanga cha msitu ambacho hakina kijiji

Mama mmoja aliyekimbia vita upande wa Mitwaba, ambaye siku hizi anauza makala hapa kwetu Annexe, aliniuliza kama ni kweli duniani kuna kisanga chenye msitu mzuri na maji pande zote, na hakuna mtu anayejenga pale. Nikamjibu kwamba kipo, tena si mbali sana. Kiko Tanzania, ndani ya ziwa Victoria, kwenye kona ya kusini-magharibi. Kinaitwa Rubondo. Nilimwahidi nitaandika habari yake, na ndiyo hii, wasikilizaji na wasomaji wetu.

Rubondo ni kirefu na chembamba: urefu karibu kilometa 28, upana kati ya kilometa 3 na 10. Tukisikia kisanga, wengi tunafikiri mchanga na minazi. Pale ni msitu unaofunika karibu sehemu nne kwa tano za ardhi, pamoja na vilima, miamba, na mafunjo ukingoni. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya bahari, chini kidogo ya mji wetu wa Lubumbashi, na kilima kirefu cha kisanga kinafika kama mita 1,486. Katika mafunjo anaishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazopanuka, ndiyo maana anatembea kwenye matope bila kuzama. Kuna viboko, mamba, na tai wanaokula samaki. Simba hayupo, chui hayupo. Hilo la mwisho mlikumbuke, maana ndilo lililowavuta waliokuja baadaye.

Zamani Rubondo ilikuwa na wakaaji, wavuvi na wakulima. Mwaka 1965 serikali ya Tanzania ilikifanya kisanga kuwa pori la akiba la wanyama, na katika miaka hiyo watu wakahamishwa. Mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa, na mpaka leo hakuna ruhusa ya kuvua samaki kwa biashara katika maji yake. Wataalamu wanasema pale ndipo sato na sangara wanapata nafasi ya kuzaa bila kusumbuliwa na nyavu.

Kisha wakaletwa wakaaji wapya. Mjerumani Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo aliyeongoza bustani ya wanyama ya Frankfurt, alikuwa anatafuta mahali ambapo wanyama walio hatarini wangeishi salama, na kisanga kisicho na simba kilimfaa. Kati ya 1966 na 1969 masokomutu 17 waliletwa kwa makundi manne kutoka Ulaya. Fikiria safari yao. Wengi walikamatwa wakiwa wadogo katika misitu ya Afrika Magharibi, wakapelekwa Ulaya, wengine wakafungiwa miaka mingi katika bustani za wanyama au kuchezeshwa kwenye sarakasi, kisha wakarudishwa Afrika kwa meli. Lakini hawakurudi kwao. Waliletwa kisangani ambapo hapakuwa na sokomutu hata mmoja.

Hakuna aliyewafundisha maisha ya porini. Walifunguliwa masanduku, wakasaidiwa chakula kwa muda mfupi, basi. Wengine walikuwa wamezoea watu kupita kiasi: madume wawili walishambulia watu na wakapigwa risasi. Lakini waliobaki walijifunza wenyewe kusuka matawi yawe kitanda cha usiku, na kutafuta matunda ya mwituni kama mabungo. Wakazaa. Wajukuu wao waliogopa watu kabisa, hata watafiti walihitaji miaka mingi kabla ya kuweza kuwakaribia. Mimi sehemu hii ndiyo inanishangaza zaidi.

Si wote walifaulu. Vifaru weusi 16 waliletwa pia wakati huo, na majangili wakawamaliza. Twiga na tembo walioletwa walishika mizizi, na uzao wao uko mpaka leo.

Sisi wa Lubumbashi jambo hili si geni. Tangu 2006, hapa mjini kuna kituo cha J.A.C.K. kinacholea masokomutu wadogo walionyang'anywa wachuuzi, watoto ambao mama zao mara nyingi waliuawa ili wao wakamatwe. Mnamo Septemba 2022 watatu kati yao waliibwa usiku, na wezi wakadai pesa kama vile wanavyodaiwa wazazi wa mtoto aliyetekwa. Kumrudisha mnyama wa namna hiyo porini ni kazi ya miaka, na kwanza lazima pori lenyewe liwe bado lipo. Miombo inayozunguka mji wetu inaondoka kila siku ndani ya mifuko ya makala. Nayasema haya nami nikipika kwa makala hayo hayo.

Nilipomsimulia yule mama, alisikiliza habari za masokomutu mpaka mwisho, akacheka kidogo waliposuka vitanda. Halafu akauliza: «Na wale wavuvi, walipelekwa wapi?» Nilimweleza nilichokisoma, kwamba walihamishiwa ng'ambo na visanga vya jirani. Katika maandishi hayo masokomutu wanahesabiwa mmoja mmoja, kundi kwa kundi, na mwaka wao wa kufika. Wavuvi wanapewa sentensi moja. Akanyamaza, akafunga mfuko wake wa makala, akaniuliza kama nitanunua.