Falsafa ya muziki wa kanisa

Falsafa ya muziki wa kanisa ni misimamo inayomwongoza mwanamuziki Mkristo katika kuchagua, kutunga na kuongoza nyimbo za ibada. Hueleza muziki unaelekezwa kwa nani, unalitumikiaje Neno, na kama uimbaji ni wa waumini wote au wa kwaya peke yake.

Majibu yametofautiana tangu zamani. Katika Maungamo, Augustino wa Hippo alikiri kwamba pengine sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, lakini aliukubali uimbaji kanisani. Martin Luther aliuweka muziki karibu na teolojia na kutunga tenzi za waumini kwa Kijerumani. Huldrych Zwingli, ingawa alipiga ala kadhaa, aliuondoa muziki katika ibada ya Zürich. Jean Calvin aliruhusu zaburi ziimbwe kwa sauti moja bila ala. Johann Sebastian Bach alimalizia kazi zake nyingi kwa herufi S.D.G., ufupisho wa Kilatini wenye maana ya utukufu kwa Mungu pekee.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya 1963, ulitaka mapokeo ya muziki ya watu mbalimbali yaheshimiwe. Mwaka huohuo padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alichapisha kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu.

Kwa mwalimu wa kwaya, falsafa hii huonekana katika uamuzi wa kila Jumapili: wimbo unaolingana na masomo, ufunguo ambao waumini wanaumudu, na kinanda kisichozima sauti zao.