Kuunganisha data hakukuanza na kompyuta: kutoka kipande hadi Huduma Namba

Wasee, kuna kitu ukijifunza kuandika programu utaonyeshwa kwa dakika kumi tu, na hakuna atakayekuambia historia yake: kuunganisha rekodi. Una kolekisheni mbili ndani ya hifadhidata. Moja ina watu, nyingine ina kazi walizofanya. Unataka jibu moja kutoka kwa zote mbili. Kwa MongoDB unaandika $lookup, yaani unaambia mashine: chukua namba iliyo huku, itafute kule, ukiipata niletee zote zikiwa pamoja. Mistari mitano hivi, kazi imeisha.

Maoni yangu ni kwamba sisi Wakenya tumeishi ndani ya hiyo amri kwa zaidi ya miaka mia moja. Na kabla hujajifunza kuiandika, ni poa ujue ilivyokuwa kwa wale walioandikwa.

Tuanze na kipande. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikaichelewesha, na kufikia 1920 ilikuwa inatekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa kubeba cheti chake, kikiwa ndani ya kikopo cha chuma kinachoning'inia shingoni. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na si kwa kusifu.

Ndani ya hicho kikopo kulikuwa na nini? Jina, kabila, alama za vidole, mwajiri ni nani, ulianza kazi lini, uliacha lini, ulilipwa ngapi, na sahihi ya mwajiri kukuachilia. Mtu wa hifadhidata akiangalia hiyo karatasi anatambua muundo mara moja: ni dokumenti moja iliyobeba kila kitu ndani yake. Hata leo ushauri ni uleule, data inayosomwa pamoja ikae pamoja. Ni haraka, huhitaji kwenda kutafuta kwingine. Lakini uliza ilikuwa haraka kwa nani. Mwenye shamba alifungua kikopo, akaona ulikuwa unalipwa ngapi kwa mwenzake, na hapo hakuwa na sababu ya kukupa zaidi. Historia yako yote ya mshahara ilikuwa shingoni mwako, lakini si wewe uliyeitumia.

Sasa kolekisheni ya pili. Nairobi kulikuwa na ofisi iliyotunza rekodi za waliosajiliwa pamoja na alama zao za vidole. Kuacha kazi bila kuachiliwa na mwajiri lilikuwa kosa la jinai. Kwa hivyo mtu akitoroka shamba, mwajiri anaripoti, karani anatafuta namba kwenye mafaili, na polisi wanajua wanamsaka nani. Hiyo ni $lookup, ila mashine ni karani na makabati. Namba ya kipande ndiyo ilikuwa ufunguo wa kuunganisha pande mbili. Ukitupa kikopo mtoni ujifanye mtu mpya? Vidole vyako bado viko Nairobi. Waliweka ufunguo mahali ambapo huwezi kuutupa.

Kuna kitu kingine. $lookup ikitafuta na ikose, haimfuti mtu kwenye matokeo. Inamwacha pale na orodha tupu kando ya jina lake. Inaonekana kitu kidogo, lakini enzi ya kipande ule utupu wenyewe ndio ulikuwa kosa. Ukisimamishwa barabarani na huna kikopo, hakuna aliyeuliza umefanya nini. Kukosa rekodi kulitosha kukutoza faini au kukufunga.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku na East African Association walipinga kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 umati ulipokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, risasi zikafyatuliwa. Serikali yenyewe ilikubali watu 21 walikufa. Muthoni Nyanjiru, mama aliyewapa wanaume changamoto pale mbele, alikuwa kati yao. Kipande kiliendelea. Ilibidi kungojea hadi 1947 ndipo ikaja sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote, na ilichukua hadi 1978 kwa sheria kubadilishwa ili wanawake nao waandikishwe. Kitambulisho ulicho nacho mfukoni kina ukoo, na ukoo wake ndio huo.

Turudi kwa mashine kidogo. 1970 Edgar Codd wa IBM alieleza namna ya kupanga data kwa majedwali yanayounganishwa. MongoDB ilipotoka 2009, mvuto wake ulikuwa tofauti: weka kila kitu ndani ya dokumenti moja, usahau mambo ya kuunganisha. Lakini dokumenti moja ina kikomo, megabaiti 16, na maisha ya watu hayaishi kuongezeka. Mwishoni mwa 2015, toleo la 3.2 likaleta $lookup. Mwanzo kampuni ilitangaza itakuwa ya wateja wanaolipa pekee, waandishi wa programu wakapiga kelele, ikawekwa kwenye toleo la bure. Yaani hata waliokimbia kuunganisha walirudi. Nawaelewa, kwa sababu data iliyotawanyika haijibu maswali makubwa.

Serikali yetu ilikuwa na kiu hiyohiyo. Aprili 2, 2019, Rais Uhuru Kenyatta alizindua usajili wa Huduma Namba hapa kwetu kaunti ya Machakos. Wazo lilikuwa namba moja ya kuunganisha rekodi zilizokuwa ofisi mbalimbali. Sheria iliyoanzisha mfumo huo ilitaja hata DNA na mahali unapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Nubian Rights Forum na wenzao walikuwa tayari kortini, na Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ikaondoa hivyo viwili na kusema mfumo hauwezi kuendelea bila kanuni za kutosha za kuulinda. Kwa lugha ya hifadhidata, korti ilifanya kazi ya $project: sehemu zisizohitajika zitoke kwenye matokeo. Oktoba 2021 korti tena ikasema kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa sababu athari kwa data za watu hazikupimwa kwanza.

Ukidhani hayo ni maneno ya mawakili tu, angalia Garissa na kaunti jirani. Miaka ya njaa, familia za Wakenya Wasomali ziliandikisha watoto kwenye kambi za wakimbizi Dadaab ili wapate chakula na matibabu. Vidole vikachukuliwa. Mtoto akakua, akafika miaka 18, akaenda kuomba kitambulisho. Mashine ikalinganisha vidole na rekodi za wakimbizi, ikapata. Ombi likakataliwa. Maelfu ya Wakenya walikwama hivyo, na bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu, kufungua akaunti benki wala kupiga kura.

Tafadhali elewa kosa lilikuwa wapi. Vidole vilikuwa vyake kweli. Mashine haikukosea kulinganisha. Kosa liliingia mtu alipoamua kwamba kupatikana kwenye kolekisheni ya wakimbizi maana yake si Mkenya, wakati maana yake ilikuwa tu kwamba siku moja kulikuwa na njaa. $lookup inakuambia pande mbili zinafanana. Haikuambii maana ya kufanana.

Kwa hivyo wewe unayeunda mfumo wa chama, wa karo ya shule au wa mikopo midogo, fanya hivi. Weka $match kwanza, uchukue wale tu unaowahitaji badala ya kuunganisha kila mtu na kila kitu. Toa sehemu ambazo swali lako halizihitaji. Halafu, kabla programu yako haijaanza kumkatalia mtu chochote, andika kwa maneno ya kawaida: orodha ikiwa tupu inamaanisha nini, ikijaa inamaanisha nini, na mtu akisema umekosea ataenda kwa nani. Aliyevaa kipande hakuwa na pa kwenda. Yule kijana wa Garissa alizungushwa ofisi hadi ofisi kwa miaka.

Na ukifika nyumbani wikendi, muulize susu kama kuna mtu kwa boma aliyewahi kuvaa kile kikopo. Uliza pia kilienda wapi, kwa sababu wengi walikitupa kwa furaha.