Bwana ni nani?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mchuuzi anayetajiwa bei ya kipuuzi kwa sato wake hufoka: "Acha hizo, bwana!" Anayeambiwa huenda ni mwanamke mwenzake. Lakini mchuuzi huyohuyo akisema "bwana wangu yuko Nansio", twaelewa ni mumewe. Na watu wakinong'ona kwamba fulani "ana bwana mjini", ndoa yake imeingia mdudu.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliliweka neno hili mwanzoni kabisa mwa jina la riwaya yake: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ikatoka 1980. Myombekere na mkewe Bugonoka hawapati mtoto, wakwe wanamchukua binti yao. Bwana anafunga safari ukweni kuomba arudishiwe mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na maandalizi ya pombe hiyo yanasimuliwa hatua kwa hatua, bila haraka. Msomaji mwenye pupa ataruka kurasa hizo. Atakuwa amemruka Myombekere mwenyewe.

Waume wa riwaya kongwe za Ulaya hawahangaiki hivyo. Karenin wa Tolstoy anawaza watu watasemaje. Charles Bovary wa Flaubert, tabibu wa mashambani, haoni kinachoendelea nyumbani kwake. Bennet wa Jane Austen anajificha maktaba, na mkewe humwita kwa jina la ukoo, kama karani anavyomwita bosi. Myombekere angekuwa na ruhusa ya kuoa mwingine, na majirani wasingemshangaa. Anamtaka Bugonoka.