Kupewa, Kudai, Kupata: Historia ya Neno "Uhuru" katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi, 1922–1963

Utangulizi

Wataalamu wanapozungumzia uhusiano wa lugha na harakati za watu kujiamulia mambo yao, mfano unaotajwa mara nyingi ni ule wa Wabaski, ambao nchi yao imegawanywa na mpaka wa Hispania na Ufaransa. Chini ya utawala wa Franco (1939–1975) lugha yao ilisukumwa nje ya shule na ofisi. Mwaka 1968 chuo chao cha lugha, Euskaltzaindia, kiliafikiana juu ya misingi ya Kibaski sanifu, na mwaka 1979 jimbo lao la Hispania likapata hati ya kujitawala kwa kiasi. Katika kipindi hicho kikundi cha ETA, kilichoanzishwa mwaka 1959, kilishika silaha, hata kikatangaza kujivunja mwaka 2018. Funzo linalotolewa kutokana na historia hiyo ni jepesi: taifa ni lugha ya mama, na anayeipoteza lugha hiyo amejipoteza. Katika Afrika ya Mashariki hoja iliyo karibu na hii imetetewa kwa nguvu na Ngũgĩ wa Thiong'o katika Decolonising the Mind (1986).

Makala haya hayakusudii kuipinga hoja hiyo. Yanakusudia kuipima kwa mfano unaoitatiza. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ijulikanayo kwa jumla kama Eastlands, madai ya kujitawala yalitamkwa hadharani kwa lugha ambayo kwa wengi wa waliokuwapo haikuwa lugha ya mama. Isitoshe, Kiswahili chenyewe kilikuwa kimesanifishwa, kuanzia mwaka 1930, na kamati iliyoundwa na serikali za kikoloni. Wabaski walijisanifishia lugha yao. Waswahili walisanifishiwa yao. Je, lugha ya namna hiyo iliwezaje kubeba dai la uhuru? Jibu linalopendekezwa hapa linapatikana kwa kulifuatilia neno lenyewe, "uhuru", na hasa vitenzi vilivyoandamana nalo.

Mitaa kama matini

Majina ya mitaa ya Eastlands yanasomeka kama matini. Pumwani, mtaa uliotengwa na serikali kwa ajili ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni mahali pa kupumulia. Shauri Moyo ni jina linalopatikana pia Unguja, na Kaloleni lipo katika sehemu za pwani na bara. Kariokor ni matamshi ya wenyeji ya jina la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, ambacho kilipoteza makumi ya maelfu ya watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Dar es Salaam jina hilohilo lilitamkwa Kariakoo. Soko la Burma linawakumbusha watu askari waliopigana Asia katika vita vya pili. Hivyo, kabla ya mwenyeji wa Eastlands kuruhusiwa kumiliki ardhi aliyoikalia, alikuwa amekwisha kuimiliki kwa kinywa.

Umiliki huo wa kinywa ulikuwa na mipaka. Wakazi wa Pangani ya zamani, wengi wao Waislamu waliokuwa wamejijengea nyumba zao wenyewe, walibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Shauri Moyo ikawa mahali pa kuwahamishia. Sheria ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mgeni anayepita: alistahili kitanda akiwa na kazi, na kipande shingoni, lakini hakustahili makao. Dai la kujitawala, kwa hiyo, lilianza Eastlands kama dai la mtu kuhesabiwa kuwa yupo.

Dai hilo lilijitafutia jina lisilo la kabila mapema. Chama cha Harry Thuku kilichoanza mwaka 1921 kama chama cha vijana wa Kikuyu kilijibatiza upya mwaka huohuo kwa jina la Afrika Mashariki. Thuku alipokamatwa Machi 1922, wafanyakazi waligoma na umati ukakusanyika mbele ya kituo cha polisi. Taarifa rasmi ilikiri vifo 21. Baada ya hapo siasa ilienda njia mbili. Njia moja ilipitia lugha ya mama: Muigwithania, jarida lililohaririwa na Jomo Kenyatta kuanzia 1928, lilikuwa la Kikikuyu. Njia ya pili ilipitia Kiswahili: Baraza, gazeti lililoanzishwa mwaka 1939 na kuhaririwa na Francis Khamisi, lilisomwa na watu wa makabila mbalimbali, ijapokuwa wenye nalo walikuwa wazungu wa East African Standard. Khamisi huyohuyo ndiye aliyekuwa katibu wa chama kilichozaliwa mwaka 1944 na ambacho baadaye kiliitwa Kenya African Union (KAU).

Uhuru wa kupewa

Katika Kiswahili cha karne ya kumi na tisa neno "uhuru" halikuwa la siasa ya mataifa. Lilikuwa la sheria na nasaba: lilimtenga mtu huru na mtumwa. Mtumwa aliachwa huru, akaandikiwa hati ya uhuru. Mtenda alikuwa bwana, kadhi au balozi, mtumwa alitendwa.

Maana hiyo ndiyo inayotawala katika Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki. Katika simulizi hiyo uhuru unatoka nje: manowari za Waingereza zinakamata majahazi, misheni inawapokea waliookolewa, na Freretown, Mombasa, inakuwa kijiji cha watu waliopewa maisha mapya. Wahakiki wamekilaumu kitabu hiki kwa kumtukuza mkoloni, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba Mbotela aliandika akiwa mzao wa watu waliotekwa. Kwake, uhuru wa kupewa haukuwa propaganda tupu. Ulikuwa kumbukumbu ya ukoo wake. Tatizo la kitabu liko kwenye kitenzi. Anayepewa hudaiwa shukrani, na shukrani haina sarufi ya madai.

Uhuru wa kudai

Sarufi hiyo ilivunjwa Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa katika miaka ya 1940 ukiwa na ukumbi wa jamii uliokusudiwa kuwapa wakazi burudani na mafunzo ya uraia mwema kama serikali ilivyouelewa. Wenyeji waliugeuza ukumbi huo kuwa kile ambacho baadaye walikikumbuka kama bunge lao.

Tarehe 1 Mei 1949 liliundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Afrika Mashariki (EATUC), Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu. Nairobi ilipopewa hadhi ya jiji tarehe 30 Machi 1950, shirikisho lilisusia sherehe. Kisha, tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano wa pamoja wa KAU na chama cha Wahindi uliofanyika katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai walikamatwa. Kesho yake mgomo mkubwa ukaanza. Makhan Singh hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961.

Kwa mhakiki wa fasihi, mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. Kwanza, msemaji. Mzaliwa wa Punjab, mbele ya umati wa Wakikuyu, Waluo, Wakamba, Waluhya na watu wa pwani, hakuwa na lugha ya mama ya kushirikiana nao. Jambo ambalo katika hali ya Wabaski lingehesabiwa kuwa upungufu ndilo lililoupa mkutano ule upana wake. Pili, kitenzi. Wito wa "Uhuru sasa" uliohusishwa na harakati hizo umelitoa neno katika uwanja wa hisani na kulitia katika uwanja wa haki. "Sasa" ni kielezi kidogo, lakini ndicho kinachomnyima mtoaji nafasi ya kuchagua wakati wa kutoa.

Baba na mwana

Ingekuwa rahisi kuikomesha hoja hapa, Kiswahili kikiwa kimeshinda. Historia hairuhusu. Mwana wa James Mbotela, Tom Mbotela, alikuwa makamu wa rais wa KAU na mmoja wa viongozi wasio Wakikuyu waliojulikana sana Nairobi. Mwezi Juni 1951 Kubai, Bildad Kaggia na wenzao walilitwaa tawi la Nairobi la chama. Mbotela alishikilia siasa ya katiba na akaishutumu hadharani Mau Mau. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Mwezi uliofuata Mbotela aliuawa karibu na soko la Burma. Mwaka 1953 aliuawa pia diwani Ambrose Ofafa.

Ilikuwa na lugha mbili, basi, harakati ya Eastlands. Ukumbini ilinena Kiswahili. Chumbani, usiku, ilikula kiapo kwa lugha ya mama. Lugha ya ukumbini iliwakusanya wengi lakini haikuweza kuwafunga. Lugha ya chumbani iliwafunga lakini iliwaacha wengine mlangoni. Serikali iliuona ufa huo na kuupanua. Katika msako wa Anvil ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, Eastlands ilizingirwa, watu wakachujwa kwa kabila, na Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Vyama vya siasa viliporuhusiwa tena mwaka 1955, viliruhusiwa kwa kila wilaya tu. Siasa ya kitaifa ilikatazwa. Ya kikabila ikapewa leseni.

Serikali ilifanya jambo jingine linalomhusu mhakiki moja kwa moja: iliandika juu ya ardhi. Mitaa mipya ya Eastlands ilipewa majina ya Ofafa na Mbotela, ili waliouawa wawe ushahidi wa kudumu dhidi ya waliowaua. Baada ya kujitawala matini hiyo ilijibiwa. Katika eneo hilohilo pakawa na mtaa wa Kimathi, jina la kiongozi aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, na mtaa wa Uhuru. Mbotela na Kimathi leo ni majirani. Hakuna aliyefuta jina la mwenzake, na huenda huu ndio uaminifu mkubwa zaidi wa ramani ya Nairobi: inayataja madai yote mawili bila kutoa hukumu.

Tom Mboya, aliyechaguliwa mbunge wa Nairobi Machi 1957, alijaribu kuuziba ufa kwa kurejea ukumbini. Chama chake cha Nairobi People's Convention Party kilijengwa juu ya wafanyakazi wa mitaa hii, na gazeti lake liliitwa, bila maelezo zaidi, Uhuru.

Hitimisho

Mfano wa Eastlands unaonyesha kwamba lugha ya kujitawala si lazima iwe lugha ya mama. Inaweza kuwa lugha ya ukumbi, iliyotwaliwa kutoka kwa waliotoa amri kwayo. Lakini unaonyesha vilevile gharama yake. Kiswahili kiliwapa watu wa Eastlands neno la pamoja kabla hawajakubaliana juu ya maana yake, na damu ya Tom Mbotela ilimwagika katika nafasi iliyokuwapo kati ya neno na maana. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Wakati huohuo vijana wa mitaa hiihii wamejiundia Sheng, wakalaumiwa na walimu kwa kuiharibu lugha. Lawama hiyo inasahau kwamba Kariokor nayo iliwahi kuwa kosa la matamshi.

Wakenya husema kwamba tarehe 12 Desemba 1963 nchi "ilipata" uhuru. Kitenzi hicho kinastahili kuangaliwa. Kupata si kupewa, wala si kudai. Mtu hupata alichokitolea jasho, na hupata pia alichokiokota njiani. Lugha imechagua neno linaloliacha swali wazi, nalo bado linaulizwa na mpangaji wa Kaloleni anayelipia nyumba ambayo baba yake aliilipia kabla yake, na ambayo hata leo si yake.