Glokidiamu: Jina Lililozaliwa Katika Kosa

Mtafsiri wa vitabu vya elimu ya wanyama wa maji baridi hakawii kukutana na neno glokidiamu. Ndilo jina la lava wa kome wa mito na maziwa, kiumbe asiyefikia nusu milimita, mwenye makombe mawili yanayofumba kama mtego. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya ncha ya mshale. Mtu angedhani kwamba aliyelitunga alikijua alichokuwa akikiita. Sivyo.

Mwaka 1695 Leeuwenhoek, Mholanzi, alifungua kome akaona viumbe wadogo wakizunguka ndani ya mayai, naye akawatambua kuwa ni watoto wa kome. Aliona sawa. Lakini mwaka 1797 Jens Rathke aliwakuta wamejaa katika matamvua ya kome, akakata shauri kwamba ni wanyama wa aina nyingine wanaomnyonya. Akawaita Glochidium parasiticum. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwani watoto hawa hawafanani na mama yao hata kidogo. Mwaka 1828 Jacobson wa Copenhagen aliitetea rai hiyo, na ubishi haukutulia mpaka 1832, Carus alipofuatilia ukuaji wa yai na kuonyesha kwamba lava ni mwana wa kome mwenyewe.

Tungetazamia jina hilo lifutwe. Halikufutwa, lilishushwa cheo tu, kutoka jina la mnyama hadi jina la hatua moja ya maisha yake. Kisha, mwaka 1866, Leydig aliwakuta lava hao wameng'ang'ania mapezi ya samaki. Siku hizi yajulikana kwamba ngozi ya samaki humfunika lava, naye hukaa humo hata awe kome mdogo, ndipo aanguke chini ya maji. Basi Rathke alikosea mwenyeji, hakukosea tabia: kimelea alikuwa kimelea kweli, ila wa samaki.

Tusimcheke. Mtafsiri mwenye haraka akiandika "kimelea cha kome", msomaji ataelewa kama alivyoelewa Rathke, na kosa la 1797 litakuwa limehamia katika Kiswahili. "Lava ndoana" lavutia zaidi, na kwa kweli sisi tulilipenda mwanzoni. Lakini wako glokidiamu wasio na ndoana, hasa wale wanaoshika matamvua ya samaki.

Tena mfano wa kwetu watuonya zaidi. Mwaka 1961 Geoffrey Fryer, aliyefanya utafiti wake Jinja, alieleza ukuaji wa Mutela bourguignati, kome wa Ziwa Viktoria. Lava wake hana makombe yanayofumba. Hujibandika juu ya samaki wa jamii ya Barbus, akapenyeza mirija katika nyama yake. Wataalamu humtenga na glokidiamu, na jamaa zake huitwa lasidiamu. Kitabu cha shule kinachosema kwamba kila kome wa maji baridi huzaa glokidiamu kitakuwa kimemsahau kome wa ziwa letu.

Kwa hiyo twapendekeza "lava wa kome" liwe jina la jumla. "Glokidiamu" libaki kwa yule mwenye makombe mawili tu, na "lasidiamu" kwa jamaa za Mutela. Samaki aitwe "mwenyeji". Upatanisho wa majina yote matatu ya lava uwe wa a-/wa-, maana hao ni wanyama.