Mbu wa Mtungini na Mlango wa Seli

Mapema 2018, wakati chikungunya imeshika Mombasa, bibi yangu hapa Ukunda aliamka akashindwa kushika kikombe cha chai. Vidole vilikataa kukunjuka. Zahanati moja ikampa dawa ya malaria, akarudi vilevile. Homa ilipoa ndani ya wiki, lakini viungo vilimsumbua hadi mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo ilinipeleka chuo kusomea baiolojia, nikatoka mwaka wa pili karo ilipokata. (Hiyo ni posti ya siku nyingine, msiniulize.)

Kilichonikera darasani ni jinsi tulivyofundishwa seli inavyomeza vitu: mchoro ubaoni, majina matano, mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba historia hii ina mbu ndani yake. Tena si mbu yeyote, ni Aedes aegypti, huyu wa madoa meupe miguuni, anayeuma mchana na kutaga kwenye mitungi, ndoo na matairi yetu. Yaani huyuhuyu anayebeba chikungunya.

Mwaka 1964, pale Harvard, Thomas Roth na Keith Porter walitaka kujua yai changa la mbu hupata wapi kiini chake. Wakayakata mayai vipande vyembamba sana, wakayatazama kwa hadubini ya elektroni. Kwenye utando wa yai kulikuwa na vishimo, na upande wa ndani vimepakwa kitu kama manyoya. Saa 7 baada ya mbu kunywa damu, walikadiria vishimo 300,000 kwenye yai moja! Kila kishimo kinazama, kinajikata, kinakuwa kifuko na kuingia ndani na mzigo wa protini.

Yale manyoya ni nini? Jibu lilikuja 1975, Barbara Pearse wa Cambridge alipotenga protini yake kutoka ubongo wa nguruwe, akaiita klatrini. Vipande vyake vina miguu mitatu, vinashikana na kufuma kikapu. Nenda Gazi au Shimoni uangalie lema la samaki, matundu yale ya pembe sita, utakuwa umeielewa nusu. Nusu nyingine ni kwamba klatrini huchanganya na pembe tano, kama mpira wa zamani, ndiyo maana kikapu kinajikunja hadi kuwa duara.

Lakini klatrini haikati. Mkasi ulipatikana kwa njia ya kuchekesha. Mwaka 1973, David Suzuki na wenzake kule Kanada walielezea nzi ambao wakipashwa joto la kama nyuzi 30 wanaganda, ukiwapoza wanaamka. Wakawaita shibire, Kijapani cha kufa ganzi. (Diani mwezi Machi wangelala tu mchana kutwa.) Mwaka 1989 watu wengine wakapata protini kwenye ubongo wa ng'ombe, dinamini. Miaka miwili baadaye ikajulikana kwamba jeni iliyoharibika kwa wale nzi ndiyo inayotengeneza dinamini. Hujizungusha kwenye shingo ya kifuko kama kamba, inakaza, shingo inakatika. Kwa wale nzi shingo hazikukatika, neva zikaishiwa vifuko, mwili ukasimama.

Sasa chikungunya. Mara nyingi virusi vyake havivunji mlango. Vinagusa utando kama mzigo halali, seli yenyewe inafuma kikapu, inakunja, inakata, inaviingiza ndani. Asidi ikipanda mle kifukoni, virusi vinabadilika umbo na kutoka.

Jina lenyewe ni la Kimakonde, kutoka mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika, na maana yake ni kujikunja. Mgonjwa anakunjwa na virusi vilivyoingia kwa sababu utando ulikunjika. Sisi tunaoongea Kiswahili tunaisikia hiyo *kunja* bila kamusi, na bado tulipewa somo kama la wageni.

Juzi nilimchorea bibi lema na kumweleza yote. Akanyamaza, kisha: "Kwa hivyo mlango nilimfungulia mimi mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, bibi. Akanituma nikafunike pipa la nje.